Sura ya Saba: Njia ya Kurudia

Taa ya gari la zamani ikizimika, mkono wa kwanza huenda dukani kununua globu. Globu mpya hufungwa, ikawaka jioni hiyo, na baada ya siku chache giza limerudi. Lawama zinaangukia globu za siku hizi, halafu swichi, halafu betri, na kila lawama ina bei yake. Sura hii inataka kuligeuza zoea hilo. Katika magari ya kabla ya miaka ya 80, hitilafu nyingi za taa hazimo ndani ya taa. Zimo njiani, na mara nyingi zaidi ziko kwenye ile nusu ya njia ambayo hakuna anayeiangalia: nusu ya kurudi.

Nimeichagua Tabora iwe uwanja wa sura hii kwa sababu barabara zake hazimsamehei mtu mwenye taa mbovu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyamwezi kwa Tura na Rubuga, ikafika Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ndiyo Tabora yetu, kisha ikashuka kuelekea Malagarasi, Uvinza na Ujiji. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Kazeh Novemba mwaka huohuo. Misafara ile haikutembea usiku ila kwa dharura. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliondoka alfajiri, na jua likikaza watu walikuwa wameshatua mizigo kambini. Gari ndilo lililoleta mazoea ya kukata miombo usiku, na usiku huo una wenyewe: baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa bila hata kiakisi kimoja, ng'ombe waliolala juu ya barabara kwa sababu imehifadhi joto la mchana, punda, na lori lililoharibika likaachwa na matawi machache nyuma yake. Dereva mwenye taa moja hafifu huyaona haya yote akiwa ameshachelewa. Kwa hiyo hapa sizungumzii urembo wa gari la kale. Nazungumzia uhai wa mtu aliye juu ya baiskeli.

Barabara hizohizo ndizo zinazoua umeme wa gari. Kwa miaka mingi, kabla lami haijafika sehemu kubwa ya njia ya kwenda Itigi upande mmoja, na Urambo na Kaliua upande mwingine, magari yalipita kiangazi chote kwenye mchanga na vumbi jekundu, juu ya vibonde vya mfululizo vinavyotikisa kila nati. Kisha Novemba mvua inaingia, na lile vumbi lililojikusanya ndani ya soketi linageuka tope. Vumbi kavu halina madhara makubwa. Likilowa huwa linashika unyevu juu ya shaba na bati wiki nzima, na hapo ndipo kutu ya kijani inapozaliwa. Mtikisiko unalegeza, vumbi linaingia, maji yanamalizia. Ukilijua hilo, umeshajua mahali pa kuanzia kuangalia: kila pale ambapo chuma kimeshikizwa kwenye chuma kingine na kuachwa wazi kwa hali ya hewa.

Sasa kuhusu njia yenyewe. Umeme hauendi kwenye taa ukaishia hapo. Unatoka kwenye betri, unapita swichi, unafika kwenye globu, na lazima urudi betrini. Usipopata pa kurudia, hautoki kabisa. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani kiangazi na pembe za ndovu, na kila mmoja alihesabu kurudi kabla ya msimu wa kulima. Njia ya kurudi ikifungwa kwa vita, misafara ilisimama hata kama pwani soko liko wazi. Betri nayo ndivyo ilivyo. Waya wa kwenda tunauona: una rangi, una fyuzi, una swichi. Wa kurudi, ambao mafundi wanauita ethi, mara nyingi hauna waya kabisa. Ni bodi ya gari, chasi, bolti na washa. Kila bolti lenye kutu kwenye njia hiyo ni kizuizi.

Tuliangalie jambo hili kwenye gari lenyewe. Katika gereji za Ng'ambo au Isevya, mjini Tabora, tatizo hili huletwa mara kwa mara, na karibu kila mara huelezwa kwa maneno yaleyale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nikikanyaga breki, indiketa ya kushoto nayo inawaka. Na taa ndogo ya nyuma upande huohuo haionekani vizuri."

"Globu umebadilisha?"

"Mara mbili."

"Basi globu tuiache, mzee. Washa taa, mguu weka kwenye breki, usiuondoe."

Fundi anachukua kipande cha waya mrefu, ncha moja anaibana kwenye hasi ya betri, na ncha nyingine anaigusisha kwenye mwili wa chuma wa ile taa ya nyuma. Papo hapo taa ya breki inang'aa sawasawa na indiketa inazima. Akiondoa waya, ugonjwa unarudi. Hajanunua kitu, hajafungua kitu, na tayari amejua kwamba ethi ya upande wa nyuma kushoto imekatika au imechoka.

Kwa nini indiketa iwake? Umeme wa breki umefika kwenye globu, umepita, umekuta mlango wa kurudi umefungwa. Unatafuta mlango mwingine. Unapita kwenye uzi wa globu ya indiketa iliyo jirani, unapanda waya wa indiketa kinyumenyume hadi kwenye globu ya indiketa ya mbele, na kule mbele unaikuta ethi nzima. Ukienda kuangalia, utaona indiketa ya mbele nayo ina wekundu kidogo ndani ya kioo. Taa mbili zinapofanya kazi ambayo hazijatumwa, usizitafute kwenye swichi. Tafuta ethi zinayoitumia pamoja.

Land Rover ina sababu yake ya pekee ya kuugua hivi. Bodi yake ni ya aluminiamu na chasi yake ni ya chuma. Metali hizi mbili zikishikana na maji yakaingia kati, aluminiamu huliwa na kubaki unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Gari likipigwa rangi upya, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu fundi rangi hupuliza juu ya kila kitu, pamoja na zile sehemu ambazo kiwanda kiliziacha tupu ili umeme upite. Gari zuri lililotoka kupakwa rangi, taa zikaanza wazimu wiki hiyohiyo, lipelekwe moja kwa moja kwenye bolti za ethi.

Dawa yake ni ya mikono. Fungua bolti, sugua kwa msasa kichwa cha waya na pale kinapokaa hadi metali ing'ae, weka washa yenye meno ili iume, kaza, na baada ya kukaza ndipo upake grisi au mafuta ya mgando ya kujipaka juu yake kuzuia maji. Kupaka kabla ya kukaza ni kuziba ulichokisugua. Kwa taa za nyuma za Land Rover mimi napendelea kuongeza waya mmoja mweusi kutoka kwenye mwili wa kila taa hadi kwenye bolti moja ya chasi iliyosuguliwa vizuri. Hauharibu uhalisia wa gari, unaweza kuuondoa siku yoyote, na unaifanya taa isitegemee tena bodi.

Fundi aliyetumia kipande cha waya alipata jibu la ndiyo au hapana. Mwenye mita anaweza kupata zaidi ya hapo, akijua pa kuiweka. Hapa ndipo wengi wanapopotezwa. Wanachomoa waya kwenye taa, wanaupima, mita inasoma volti 12, wanasema umeme upo, kosa ni la globu. Waya wenye nyuzi 28 ukibakiwa na uzi mmoja tu, mita bado itasoma 12, kwa sababu mita yenyewe haivuti karibu chochote. Ufungie mzigo, uone. Kipimo cha maana kinafanyika taa ikiwa imefungwa na imewashwa.

Kwa gari lenye hasi kwenye bodi, fanya hivi. Washa taa kubwa. Weka mita kwenye vichwa viwili vya betri na uandike. Tuseme imesoma 12.2. Kisha weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa globu unaoingiza umeme. Hapo unapima kinachopotea njia ya kwenda. Mwisho, ncha moja kwenye mguu wa ethi wa globu na nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo unapima kinachopotea njia ya kurudi. Kwenda isizidi nusu volti. Kurudi isizidi volti 0.2. Ukikuta kwenda imepoteza 0.4 na kurudi imepoteza 2.0, taa yako imebakiwa na 9.8, na huna haja ya kubahatisha tena: fuata njia ya kurudi, bolti kwa bolti, ukisogeza ncha ya mita, mpaka ile 2.0 iporomoke. Bolti ulilolivuka kabla haijaporomoka ndilo lenye kosa.

Volti 2 zinaonekana kidogo. Si kidogo kwa globu ya uzi. Mwanga wake hushuka haraka kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Taa iliyopata 9.8 badala ya 12.2 inatoa chini ya nusu ya mwanga wake. Na zile volti 2 hazikupotea hewani. Taa ikivuta ampea 4, basi pale kwenye bolti lenye kutu kuna joto la wati 8 muda wote. Ndiyo maana wakati mwingine unaweza kuipata hitilafu kwa kidole: baada ya dakika kumi za kuwasha, kiungio kibovu ni cha moto na vingine ni baridi.

Usisahau ethi mama, ule mkanda mnene kutoka betri kwenda chasi, na mwenzake kutoka injini kwenda chasi. Injini inakaa juu ya mipira, haigusi chasi. Mkanda wake ukichoka, stata huvuta umeme wake kupitia popote panapopitika, hata kebo ya choki, na kebo hiyo huungua mkononi mwa dereva. Taa zikififia zote kwa pamoja, anzia hapo kabla ya kugusa kitu kingine.

Kuhusu rangi za nyaya. Magari ya Kiingereza ya zama hizo, Land Rover na Bedford zikiwemo, mengi yalifungwa vifaa vya kampuni ya Lucas na kufuata lugha moja ya rangi, na mtu akiishika lugha hiyo anaweza kusoma gari ambalo hajawahi kuliona. Kahawia ni umeme wa betri usiopita swichi. Nyeupe ni umeme wa ufunguo. Kijani ni umeme wa ufunguo uliokwisha kupita fyuzi. Bluu inatoka kwenye swichi ya taa kwenda kugawanywa. Bluu yenye mstari mweupe ni fulu, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu. Nyekundu ni taa ndogo na za nyuma. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, chenye mstari mweupe ni ya kulia, chenye zambarau ni taa za breki. Nyeusi ni ethi. Baada ya miaka 50 ya vumbi la Tabora rangi zote zinafanana, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, au fungua tepu ya zamani uone kipande ambacho jua halijakifikia.

Volkswagen na magari mengine ya Kijerumani yana namba badala ya kutegemea rangi tu, na kwa maoni yangu namba ni bora, maana hazichujuki. Angalia kwenye swichi na kwenye rilei: 30 ni betri, 15 ni ufunguo, 31 ni ethi, 56a ni fulu, 56b ni dimu, 58 ni taa ndogo, 54 ni breki, 49 ni flasha. Peugeot 404, gari lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963 na kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966, halina lugha ya kukariri kirahisi hivyo. Kwake unafuata waya kwa mkono na kuuwekea alama ya tepu kila hatua.

Yote haya yana mpaka wake. Gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi lina nyaya ambazo hakuna kiwanda kilichoziweka. Nyingine ni za nyumbani, zile ngumu zenye uzi mmoja mnene wa shaba. Ndani ya ukuta wa nyumba ni nzuri. Ndani ya gari hukatika, kwa sababu uzi mmoja hauvumilii mtikisiko. Unapinda mahali palepale kila siku mpaka unavunjika ndani ya ngozi, na nje huoni kitu. Ukiukuta waya wa namna hiyo, usiupime. Uondoe, weka waya wa gari wenye nyuzi nyingi.

Fyuzi nazo zina mtego ambao umeunguza magari mazima. Fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 zilimaanisha kwamba zinakatika kwenye ampea 35; kubeba kwa muda wote zilibeba 17 tu. Fyuzi nyingi zinazouzwa leo namba yake ni ile zinayoibeba muda wote bila kukatika. Mtu ananunua 35 kwa 35, anadhani amefuata kitabu, na kumbe ameruhusu umeme mara mbili ya ule ambao waya ulitengenezewa. Mahali palipoandikwa 35 ya Lucas, weka ya kisasa ya 15 au 17. Waya wa shaba au karatasi ya sigara iliyokunjwa kwenye nafasi ya fyuzi sitaki hata kuijadili; ni kuugeuza wairingi wote wa gari kuwa fyuzi. Na kuna jambo ambalo wenye magari haya wengi hawalijui: katika magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo taa kubwa hazikuwa na fyuzi kabisa. Ziwekee fyuzi mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, ili siku shoti ikitokea usipoteze zote mbili kwenye kona ya Malagarasi.

Shoti yenyewe inatafutwaje? Wengi hutafuta kwa kuunguza fyuzi, moja baada ya nyingine, huku wakikisia. Njia nzuri ni hii. Chukua globu ya taa ya breki, wati 21, ichomelee nyaya mbili, na uiweke mahali pa fyuzi. Sasa shoti ikiwepo, umeme wote unaruka hadi kwenye bodi lakini unalazimika kupita kwenye globu yako, na globu hairuhusu zaidi ya ampea 2 hivi. Hakuna kitakachoungua. Globu inawaka kwa nguvu. Iache inawaka, na wewe zunguka gari ukitikisa nyaya, ukichomoa kiungio kimoja kimoja. Ukigusa mahali globu ikafifia ghafla au ikazima, umefika. Mara nyingi ni pale wairingi unapopenya tundu la chuma: ukuta wa injini, madigadi, chasi karibu na tairi la nyuma. Mpira wa tundu umekaukia joto la miaka, umepasuka, na chuma kimekuwa kikikwaruza ngozi ya waya kilomita kwa kilomita. Pengine ni panya. Gari lililolazwa karibu na ghala la mahindi au karanga ni nyumba yao, na zile wairingi za zamani zilizosukwa kwa kitambaa juu huwafaa kwa matandiko.

Kuna hitilafu moja ambayo ni ya Land Rover za Series II na IIA kwa namna ya pekee. Swichi ya kubadilisha fulu na dimu iko sakafuni, inakanyagwa kwa mguu wa kushoto. Kila tope la kiatu, kila maji yaliyoingia wakati wa kuvuka kijito, yanaishia pale. Dereva anakanyaga kumpunguzia taa anayekuja mbele, na taa zote mbili zinazima, akiwa kwenye mwendo. Ikitokea, kanyaga tena mara moja, usipapase dashibodi. Nyumbani, itoe swichi hiyo, iloweke kwenye petroli mbali na moto, ibonyeze kwa mkono mara nyingi, ikaushe, na uweke grisi kidogo juu ya mti wake. Swichi iliyolainishwa kila mwanzo wa mvua inaishi miaka. Series III, iliyoanza 1971, iliihamishia kwenye usukani, na kwa nchi yetu huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Upande wa kuchaji, jua kwanza gari lako lina dainamo au alteneta. Dainamo haichaji injini ikiwa inanguruma polepole, kwa hiyo taa kufifia ukisimama na kung'aa ukikanyaga mafuta si ugonjwa. Dainamo ya Lucas C40 ilitoa ampea 22 tu. Taa kubwa mbili za wati 60 pekee zinachukua 10. Ugonjwa ni taa kung'aa kupita kiasi mwendo ukiongezeka, na globu kufa ovyo. Pima betrini injini ikikimbia: kati ya 13.8 na 14.4 ni afya. Ikipita 15, katauti, yaani kidhibiti cha volti, imeshindwa kazi, na kila globu utakayoweka itakufa. Jua pia kama gari lina chanya kwenye bodi. Magari mengi ya Kiingereza hadi katikati ya miaka ya 60 yalikuwa hivyo, na Land Rover ilibadilika baadaye kidogo, karibu na 1967. Kwenye gari la namna hiyo globu za uzi hazijali, lakini taa za LED na redio zinaweza kufa.

Kabla ya kuitupa globu iliyokufa, ishike kwenye mwanga uisome. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika, imeuawa na mtikisiko. Kaza kikombe cha taa na angalia mipira yake. Kioo kikiwa na weusi wa fedha kwa ndani, imechoka kwa umri au imepewa volti nyingi. Rudi kwenye katauti. Kioo kikiwa cheupe kama maziwa, hewa iliingia ndani, na hiyo kweli ni globu mbovu.

Kwa atakayetaka taa kubwa zenye nguvu bila kubadilisha sura ya gari, rilei mbili ndizo jibu. Umeme wa taa unatoka betrini kwa waya mnene kupitia fyuzi na rilei hadi kwenye taa, na swichi ya zamani inabaki na kazi ndogo ya kuiamrisha rilei. Swichi iliyokuwa ikibeba ampea 10 sasa inabeba sehemu ndogo ya ampea moja. Katika Land Rover niliyoipima kabla na baada ya kazi hiyo, volti kwenye taa zilipanda kutoka chini ya 11 hadi karibu sawa na za betri, na globu zilikuwa zilezile.

Hitilafu ikikukuta usiku kati ya Kaliua na Uvinza, usianze uchunguzi katikati ya barabara. Toa gari kando kabisa, weka pembetatu mbali nyuma, kisha hakikisha kwanza kitu kimoja chekundu kinawaka nyuma yako. Taa ya mbele inakusaidia wewe, ya nyuma inamwokoa anayekuja. Halafu chukua waya wenye fyuzi, utoe betrini moja kwa moja hadi kwenye mguu wa dimu wa taa ya upande wa kulia, ule wa katikati ya barabara, na uende mwendo wa taa moja hadi kijiji cha kwanza. Magari yetu yanapita kushoto, na anayekuja mbele akiona taa moja ya upande wa kushoto tu anaweza kudhani ni pikipiki iliyo ukingoni, akaukosea upana wako.

Kazi ikiisha, taa zilenge. Ziweke mbele ya ukuta wa gereji, umbali wa mita 7 au 8, chora mstari kwa chaki kwenye kimo cha katikati ya taa, na dimu ikae chini ya mstari huo kwa kiasi cha upana wa kiganja. Lakini zilenge gari likiwa na mzigo ule linaoubeba siku zote. Land Rover inayotoka Sikonge na madebe ya asali nyuma inainua pua, na taa zilizolengwa gari likiwa tupu zitamulika matawi ya miombo na kumpofusha kila anayekuja mbele.